Uteuzi asilia: kimelea cha malaria hakizoei dawa

Mama yangu mdogo anaishi Muheza, mkoani Tanga. Siku niliyomkuta ametoka kwenye homa, vidonge vinne vya mseto, dawa ya malaria, vilikuwa bado kwenye pakiti, vimewekwa juu ya kabati pembeni ya kibiriti. "Hivi vidudu navyo vitazoea mseto, mwanangu," akaniambia, "kama vilivyozoea klorokwini." Kauli hiyo naisikia kila mahali, hata kwa watu waliosoma, na neno moja ndani yake ndilo linalotufichia maana ya uteuzi asilia. Neno lenyewe ni kuzoea.

Kuzoea ni jambo la mmoja. Mtu aliyekuwa haiwezi pilipili, akaanza kuila kidogo kidogo mpaka ikawa haimsumbui, ni yuleyule wa tangu mwanzo. Kimelea hakifanyi hivyo. Kile ambacho dawa inakiweza kinakufa, basi. Kinachobaki ni kingine, kilichokuwa tofauti hata kabla kidonge hakijamezwa.

Tofauti hiyo inatoka wapi? Ndani ya damu ya mgonjwa mmoja vimelea vinaweza kufika mabilioni, na ile aina kali inayotusumbua huku kwetu hupasua chembe nyekundu na kutoa kizazi kipya kila baada ya saa 48 hivi. Kila kizazi kinanakili vinasaba vyake, yaani maandishi ya urithi yenye herufi nne tu, na katika kunakili kwingi namna hiyo makosa hayakosekani. Jeni ni kipande cha maandishi hayo chenye kazi yake. Kosa la herufi moja mara nyingi halina maana, au linamdhuru mwenyewe. Mara chache sana linaangukia mahali ambapo dawa hushika, na dawa ikija haipati pa kushika. Kosa halikuja kwa sababu dawa ipo. Lilikuja tu, na dawa ikalikuta.

Tanga tuna ushahidi wa karibu. Katika miaka ya 1950, watu wa kijiji cha Mkuzi, Muheza, walipewa dawa iitwayo pirimethamini mara moja kwa mwezi ili kuwakinga na malaria. Haukupita hata mwaka, vimelea sugu, yaani visivyowezwa na dawa hiyo, vikaonekana. Mwaka 2001 Tanzania iliiacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria ikashika SP, yaani sulfadoksini na pirimethamini, na ile "P" ni pirimethamini hiyohiyo. Kufikia mwisho wa mwaka 2006 tukawa tumehamia kwenye mseto.

Kwa hiyo uteuzi asilia unahitaji wenye tofauti, tofauti hizo zirithiwe, na baadhi wabaki na kuzaa kuliko wengine kwa sababu ya tofauti hizo. Mageuko ni uwiano wa tofauti hizo katika kundi zima kubadilika kizazi hadi kizazi. Hakuna anayechagua, ingawa neno "uteuzi" linatufanya tumtafute mteuzi.

Ukitaka kuona umuhimu wa tofauti, simama kwenye kitalu cha miche ya machungwa, Muheza hapohapo. Fundi anachana ganda la mche wa limau, anapachika jicho alilolitoa kwenye mchungwa anaousifu, anafunga kwa nailoni. Huko ndiko kubebesha. Michungwa mia iliyobebeshwa kutoka mti mmoja ina jeni zilezile za mti ule kuanzia pale kwenye kiungo kwenda juu. Mfanyabiashara anafurahi, maana utamu ni mmoja. Ila ugonjwa usiowezwa na mmoja hautawezwa na hata mmoja kati ya hiyo mia, na uteuzi hauna cha kuteua. Shamba la mahindi ya mbegu ya kienyeji haliko hivyo. Ndugu wa gunzi moja hawafanani.

Na sisi wenyewe hatuko nje ya habari hii. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, hutokana na herufi moja iliyobadilika kwenye jeni ya himoglobini, protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haumwi, tena ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali, jambo ambalo daktari Anthony Allison alilionyesha mwaka 1954 baada ya kazi yake Afrika Mashariki. Aliyeirithi kwa wote wawili ndiye mgonjwa. Wazazi wawili wenye jeni moja moja, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kumpata mtoto wa namna hiyo. Ndiyo maana jeni hii haijafutika ukanda wa malaria: kwa wengi iliokoa, kwa wachache iliua. Huniuma sana ninaposikia mama anasemwa kwa ajili ya mtoto wa selimundu, wakati baba naye kachangia nusu ileile.

Nikarudi kwenye vidonge vya mama mdogo. Mseto una dawa mbili, ili kimelea kilichoikwepa moja kikutwe na ya pili. Kuwa na makosa yote mawili kwa pamoja ni jambo adimu zaidi. Ya kwanza, artemetha, inaua vimelea vingi haraka na kuondoka mwilini mapema. Ya pili, lumefantrini, inakaa siku kadhaa ikisafisha mabaki. Dozi ni mara sita kwa siku tatu, na homa huwa imeshuka kabla hazijaisha. Hiyo ya sita ndiyo iliyokuwa juu ya kabati.

Akaniuliza kama klorokwini ndiyo imekufa moja kwa moja. Nikamwambia habari ya Malawi. Waliiacha mwaka 1993, na miaka kumi na kitu baadaye watafiti walipoijaribu tena kwa watoto, iliponya karibu wote. Vimelea havikusahau lolote. Usugu ulikuwa na gharama yake, na dawa ilipoondoka, vile visivyo sugu vilivyokuwa vimebaki vichache vikazaana kuliko vyenye usugu.