Nilikwenda kuuona mkarafuu kwao, Maluku

Karafuu unayoitia kwenye pilau haioti. Ni ua lililochumwa kabla halijafunguka, likaanikwa juani mpaka uhai ukaisha. Anayetaka mti sharti apate tunda lililoiva, tena mbegu yake apande upesi, kwa sababu ikishakauka imekufa. Ndiyo maana kwa karne nyingi dunia ilinunua karafuu bila kuwa na mkarafuu hata mmoja. Miti yenyewe ilibaki kwenye visiwa vidogo vitano vya Maluku, mashariki ya Indonesia: Ternate, Tidore, Moti, Makian na Bacan.

Kazi yangu ni kilimo cha viungo, na mashamba ninayoyahudumia yako Pemba. Kwa miaka mingi nimewafundisha wakulima namna ya kutunza mti ambao sikuwahi kuuona katika ardhi yake ya asili. Likizo hii nikaamua kwenda huko.

Ternate ni mlima mmoja uliochomoza baharini. Unaitwa Gamalama, volkano iliyo hai, urefu wake mita 1,715, na mji umejibana chini yake ufukweni. Ng'ambo ya mlango wa bahari unaziona Maitara na Tidore, mandhari iliyowahi kuchapwa kwenye noti ya rupia 1,000. Boti ndogo huvusha watu kwenda Tidore kwa muda mfupi tu, kutoka gati ya Bastiong mpaka Rum. Mtu wa pwani hapati shida kuzoea: adhana, samaki wa kuchoma, nazi, majahazi. Jioni nilikunywa guraka, tangawizi iliyochemshwa na sukari ya mti wa jamii ya mnazi, juu yake wamenyunyiza kokwa za kenari, mti wa huko, zilizokatwakatwa. Chakula chao hasa ni papeda, uji mzito wa sagu, unga unaotoka kwenye shina la mti wa jamii ya mnazi, unaoliwa na mchuzi wa manjano wa samaki. Karafuu mle chakulani sikuikuta. Waliokaa nayo tangu enzi na enzi huiuza zaidi kuliko kuila.

Nilipopanda mlimani nilitarajia shamba, nikakuta msitu. Mikarafuu imechanganyika na mikungumanga, midalasini, miduriani na mikenari mirefu, na mwanga unafika chini kwa vipandevipande. Hapo nilielewa kwa macho jambo ninalolieleza kila mwaka kwa maneno. Mche wa mkarafuu hauvumilii jua kali, ndiyo maana tunawaambia wakulima waupandie migomba ya kuukinga katika miaka ya mwanzo. Msituni kazi hiyo inafanywa na miti mikubwa. Mizizi yake pia haitaki maji yaliyotuama, na mteremko wa majivu ya volkano unayapitisha mara moja. Pemba hatuna volkano, kwa hiyo sisi tunategemea uchaguzi mzuri wa kilima. Mkulima anayepanda bondeni kwa sababu ndilo eneo alilobakiwa nalo, mti wake utamsumbua maisha yote.

Uchumaji nao ni uleule wa hatari. Wanatumia ngazi za mianzi zilizoshikizwa kwa kamba, maana tawi la mkarafuu hukatika ghafla bila kuonya. Chini, wanawake na watoto wanachambua, karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vyake, kule, kisha zinaanikwa kandokando ya barabara. Nilikaa nao nikachambua pia, na mikono ilijua kazi bila kuambiwa.

Juu zaidi wapo wazee wa mlima, mikarafuu inayoitwa Afo. Ule wa kwanza, ambao wenyeji husema uliishi karibu miaka 400, umekwisha kufa, lakini mingine ya jina hilo bado imesimama. Kuona mkarafuu mkongwe Ternate ni jambo kubwa, kwa sababu mwaka 1652 kampuni ya biashara ya Waholanzi (VOC) ilimfanya Sultani Mandarsyah akubali kulipwa ili mikarafuu ya himaya yake ikatwe. Walitaka karafuu itoke Ambon na visiwa vya jirani tu, wanakoweza kuisimamia, na misafara ya mashua za kivita ilitumwa kufyeka miti kisiwa baada ya kisiwa.

Wizi wa miche ndio uliovunja ukiritimba huo. Mfaransa Pierre Poivre, msimamizi wa utawala wa Mauritius, alituma watu wake Maluku, na mwaka 1770 miche ikafika. Ikaenda Réunion, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikaingia Unguja. Mashamba ya wakati wa Seyyid Said yalipandwa na kuchumwa na watumwa, jambo ambalo halifai kurukwa tunapoisifu harufu. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ndipo penye karafuu nyingi.

Sasa tazama matokeo yake. Mikarafuu yetu yote ni uzao wa miche michache iliyosalimika safari zile, nayo hufanana mno. Maluku niliona yenye vichwa vyekundu, yenye vichwa vya njano iliyopauka, yenye majani mapana, na ile ya mwituni ambayo ukiisugua haina ule ukali tunaoujua. Indonesia wakulima hutofautisha aina zao kwa majina: Siputih, Sikotok, na nyingine inayosifiwa kwa kuzaa sana, Zanzibar. Mzee aliyenitembeza alinionyesha mti wa aina hiyo bila kujua nimetoka wapi. Nilipomwambia alinishika mkono, na hatukuuachia mti ule upesi.

Kutoka huko nilikwenda Banda Neira kuona kungumanga, kisiwa cha ngome ya Belgica na mlima wa moto unaoitazama. Patakatifu na pa huzuni. Mauaji ya mwaka 1621, Waholanzi walipowaua wenyeji ili wahodhi kungumanga, bado yanazungumzwa. Pahitaji makala yake.

Nilimalizia Java, nako nikapata jibu la swali ambalo wakulima wa Pemba huniuliza kila msimu: nani anapanga bei? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa mvutaji wa kretek, sigara ya tumbaku na karafuu iliyoanzia mji wa Kudus mwishoni mwa karne ya 19. Indonesia iliwahi kuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar. Kisha ikapanda kwa wingi, ikajitosheleza miaka ya 1980, na bei ikaanguka. Familia nyingi za Pemba ziliumia kwa uamuzi uliofanywa mbali nao, na sehemu kubwa ya karafuu ya Indonesia mpaka leo huishia kwenye sigara zake.

Wenzangu waliniuliza kwa nini sikurudi na miche ya Siputih. Nawasihi anayekwenda asijaribu. Sumatra na Java kuna bakteria anayeua mikarafuu, huenezwa na wadudu wanaofyonza utomvu, na sisi tayari tunahangaika na ugonjwa wetu wa kufa ghafla. Aina mpya tunazihitaji kweli, lakini ziingie kwa makubaliano ya taasisi za utafiti na zipitie karantini kwanza, zikaangaliwe kitaluni mbali na mashamba, hata kama itachukua miaka.