Kupiga msasa si kung'arisha

Juzi nimesikia tena. Kijana mmoja ametoa jiwe kwenye mashine ya kusugulia mawe baada ya wiki mbili, bado linachuruzika maji, anawaonyesha wenzake: "Nimelipiga msasa, oneni linavyong'aa!" Wote wakakubali. Nusu saa baadaye jiwe lilikuwa mezani, limekauka, limepauka kama chaki, na mwenyewe amenyong'onyea akidhani ameuziwa chenga mbovu za kusugulia. Chenga hazikuwa na kosa lolote. Kilichompoteza ni neno.

Kwa ufupi: kupiga msasa ni kukwaruza uso wa kitu kwa chenga ngumu ili mabonde na vilima vyake vipungue. Kung'arisha ni hatua ya mwisho, mikwaruzo inapokuwa midogo mno hata mwanga ukigonga uso unarudi pamoja bila kutawanyika. Kazi ya kwanza huacha alama, ya pili huzifuta.

Sasa tulitazame neno lenyewe, kwa sababu huko ndiko mkanganyiko ulikoanzia.

Msasa ni mti. Wengi wetu tulioshika msasa dukani hatujawahi kuuona mti huo, lakini upo, na ni wa jamii ya mikuyu. Majani yake yana vinywele vifupi vigumu; ukilipitisha jani kwenye ngozi ya mkono unalisikia linaparuza. Mafundi seremala wa zamani waliyachuma wakalainishia mbao, miiko na mipini. Ilipokuja karatasi yenye chenga zilizogandishwa kwa gundi, haikuhitaji jina jipya. Ilifanya kazi ya lile jani, ikapewa jina la lile jani: karatasi ya msasa, kisha msasa tu. Jina likahama mtini likakaa kwenye rafu ya duka la vifaa vya ujenzi, na humo ndani bado limebeba ule ukwaruzaji.

Angalia pia hilo neno "piga" lililotangulia. Tunapiga pasi, tunapiga randa, tunapiga tupa. Katika yote hayo "piga" linataja kifaa kilichotumika, wala haliahidi matokeo. Nguo iliyopigwa pasi inaweza kubaki na makunyanzi. Ubao uliopigwa randa bado haujawa meza. Vivyo hivyo, jiwe lililopigwa msasa limepigwa msasa, na habari yake imeishia hapo.

Nadhani mchanganyiko uliongezwa na ofisi zetu. Kila mwaka tunasikia walimu wamepigwa msasa, waandishi wamepigwa msasa, madiwani wamepigwa msasa, na baada ya semina mgeni rasmi anawaambia sasa wameng'ara. Sina ugomvi na usemi wenyewe. Kwa kweli ni usemi mzuri na una ukweli ndani yake, maana mtu anayepigwa msasa anaondolewa yale yanayokwama na kuparuza katika kazi yake. Lakini tumeusikia ukifuatana na "kung'ara" mara nyingi kiasi kwamba maneno mawili yameshikana, na anayeanza kazi ya mawe anayabeba yakiwa yameshikana hivyo hivyo.

Kiswahili hakikukosa neno la ile kazi nyingine. Tuna "ng'aa" na "ng'ara", na kutoka hapo "ng'arisha", yaani kukifanya kitu kitoe mwanga wake. Tuna pia "katua", neno ambalo linasikika kwa nadra siku hizi nami nasikitika, kwa kuwa lilikuwa na kazi yake hasa: kusugua chombo cha madini mpaka kirudishe nuru. Sinia za shaba zilikatuliwa kwa ndimu na majivu laini. Hakuna aliyezichukulia jani la msasa, kwa sababu kila mtu nyumbani alijua jani lingeziharibu. Tofauti ninayoililia hapa ilikuwa inajulikana jikoni kabla haijafika kwenye mashine ya mawe.

Na mashine yenyewe ni kitu rahisi. Ni pipa dogo la mpira linalolala juu ya roli mbili na kuzunguka usiku na mchana. Unajaza mawe hadi theluthi mbili au robo tatu ya pipa, unatia chenga, unamimina maji yakaribie kufunika mawe, unafunga. Mawe yanaporomoka polepole, moja juu ya jingine, na chenga zinasaga katikati yao. Hatua kwa kawaida ni nne, na kila moja huchukua kama wiki. Tatu za mwanzo hutumia silikoni kabaidi, chenga nyeusi ngumu zinazotengenezwa kiwandani: kwanza chenga za namba 60 hadi 90, kisha 120 hadi 220, kisha 500. Ya nne hutumia unga laini kabisa, oksidi ya alumini au oksidi ya seriamu.

Hesabu upya. Katika hatua hizo nne, tatu ni msasa. Kung'arisha ni moja tu.

Namba nazo huwachanganya wanaoanza, ingawa fundi rangi yeyote anazijua. Namba inatokana na matundu ya chekecho katika kila inchi, kwa hiyo inavyopanda ndivyo chenga zinavyokuwa ndogo. Chenga ya namba 60 ina upana wa karibu robo ya milimita. Ili uso ung'ae, mikwaruzo lazima ikaribie udogo wa wimbi la mwanga tunaouona, ambalo urefu wake ni kati ya sehemu 0.4 na 0.7 za elfu moja ya milimita. Kati ya vipimo hivyo viwili kuna safari ndefu, na hakuna unga wa kung'arisha unaoweza kuimaliza peke yake. Unga huo hautafuta mtaro ulioachwa na namba 60. Utaupitia juu kwa juu, na utapata jiwe linalometameta vilimani na kufifia mabondeni.

Hilo nalijua kwa mikono yangu. Mara ya kwanza nilitoa mawe hatua ya kwanza baada ya siku nne, kwa kuwa yalionekana laini. Nikaruka namba 500 kabisa. Wiki iliyofuata nilifungua pipa la unga wa mwisho, nikaosha, nikasubiri yakauke, na kila jiwe lilikuwa na utando kama kioo kilichopumuliwa. Nilirudi mwanzo. Mara ya pili nilikaa hatua ya kwanza wiki tatu, mpaka hapakuwa na shimo la kushika kucha, na mambo yakawa mengine.

Mara hiyo ya pili jiwe moja lilinifundisha kitu zaidi. Lilikuwa kipande cha kwazi (quartz) chenye ufa mwembamba ubavuni. Lilipotoka hatua ya mwisho lilikuwa na mstari mmoja mrefu, mweupe, uliopinda kama unywele. Nililigeuza kwenye mwanga wa dirisha, nikaingiza ncha ya sindano kwenye ule ufa, na ikadondoka chenga moja nyeusi. Ilijificha humo tangu hatua ya kwanza. Chenga moja ndiyo ilikuwa bado inapiga msasa wakati mimi nadhani nang'arisha. Tangu siku hiyo mawe, pipa na kifuniko navisugua kwa mswaki na sabuni kila hatua inapokwisha, na lile tope silimwagi kwenye bomba la maji machafu. Linaganda humo kama saruji.

Ugumu wa jiwe nao unaingia katika habari hii. Friedrich Mohs, mtaalamu wa madini Mjerumani, alipanga madini mwaka 1812 kutoka 1, laini kabisa, hadi 10, gumu kabisa, kwa kuangalia lipi linakwaruza lipi. Kwazi ni 7, kalisaiti iliyomo kwenye marumaru ni 3. Niliwahi kuyaweka pamoja, na marumaru ikaishia kuwa tope. Lakini lile jiwe la Longido, Tanzania, la kijani lenye madoa mekundu, ndilo linaloonyesha jambo hili vizuri kuliko yote. Kijani chake ni zoisaiti, kati ya 6 na 7. Jina la jiwe hilo, anyolaiti, limetokana na neno la Kimaasai la rangi ya kijani. Madoa yake ni rubi, 9. Likipigwa msasa ndani ya pipa, kijani kinaliwa haraka na rubi inabaki imeinuka kama vipele. Pipa limefanya kazi yake ya kukwaruza kikamilifu, na jiwe halijakaribia kung'ara.

Anayebisha namwomba aende mtoni. Mawe ya mtoni yamesuguliwa miaka mingi kuliko mashine yoyote itakavyodumu, ni laini mkononi kama yai, na yakiwa majini rangi zake zinapendeza sana. Yaanike. Yanafifia, kwa sababu mchanga unaoyalainisha ndio huo huo unaoendelea kuyakwaruza. Kilichokuwa kinang'aa ni maji, yaliyojaza mikwaruzo na kuifanya isawazike kwa muda.

Ndiyo maana nasumbuliwa na picha za mawe yaliyolowanishwa, au kupakwa mafuta ya mtoto, au vanishi, na chini yake pameandikwa "yameng'arishwa". Mafuta yanafanya kazi ya maji, ila yanachelewa kukauka. Mafundi wa jiwe la sabuni kule Tabaka, Kisii, hulipiga msasa kwa maji kisha hulipaka nta, na kwa jiwe laini kama lile ndiyo njia yake halali, ya tangu zamani. Lakini muulize fundi wa huko, atakuambia wazi kwamba amepaka nta. Hamdanganyi mtu.

Kwa hiyo yule kijana nilimwambia aache jiwe likauke kabisa, alisogeze chini ya balbu, na atazame kama taa inaonekana ndani yake ikiwa na umbo lake, au ni weupe tu uliosambaa. Akaona weupe. Hapo nikamwambia kazi yake ni nzuri, imefika namba 220, na inastahili jina lake: jiwe limepigwa msasa. Lingali na hatua mbili mbele. Na wanaouza, si vibaya kuandika "jiwe limelainishwa, halijang'arishwa". Mnunuzi atalipenda hivyo hivyo, na likikauka kwake nyumbani halitamshangaza.