Supu ya kiporo cha bata mzinga: yanayoaminika na yaliyo kweli

Kila Alhamisi ya nne ya Novemba, Marekani hukaa mezani kula bata mzinga. Siku ya Shukrani ilitangazwa kitaifa na Rais Abraham Lincoln mwaka 1863, na mwaka 1941 sheria ikaipa Alhamisi hiyo moja kwa moja. Ndege wa kilo saba haishi kwa mlo mmoja. Ijumaa asubuhi jikoni kunabaki sinia la mifupa, paja moja, vipande vya kidari vilivyokauka, na mtu anayejiuliza afanye nini navyo. Sisi watu wa Afrika Mashariki tunaoishi huku tuna jibu letu la siku zote: supu. Ya asubuhi, yenye ndimu na pilipili, chapati pembeni. Ni jibu zuri kuliko sandwichi zote zinazotengenezwa wiki hiyo.

Tatizo ni yale yanayosemwa jikoni huku sufuria ikiwa motoni. Mengine yanapoteza utamu tu. Mengine yanalaza nyumba nzima na tumbo la kuhara, wakubwa kwa wadogo, na hayo ndiyo yanayoniuma, kwa hiyo naanza nayo.

"Ukichemsha upya, kila kitu kinakufa"

Imani hii tumekua nayo. Katika nyumba isiyo na friji, mchuzi uliobaki huchemshwa kabla ya kulala na tena alfajiri ili usichache. Desturi hiyo ina akili ndani yake, maana moto unaua vijidudu vingi. Kosa ni kuinyoosha mpaka iseme kwamba nyama iliyokaa mezani tangu saa tisa alasiri hadi wageni walipoondoka saa nne usiku itasafishwa na moto wa kesho.

Kuna bakteria anayeitwa Clostridium perfringens. Anachokipenda ni nyama iliyopikwa kwa wingi kisha ikaachwa ipoe taratibu, yaani sikukuu hasa. Ugumu wake uko kwenye spora, vijimbegu vyenye ganda linalostahimili joto la oveni na hata maji yanayochemka. Ndege anapotolewa motoni, vijidudu vingi vimekufa lakini spora zipo. Nyama ikishuka chini ya nyuzi joto 60 za Selsiasi zinaamka na kuanza kuzaana, na ikifika kati ya nyuzi 43 na 47 idadi inaweza kuongezeka maradufu kwa takriban dakika 10. Piga hesabu mwenyewe: kwa kasi hiyo kijidudu kimoja kinakuwa zaidi ya 4,000 ndani ya saa mbili. Mtu akiwala wengi wakiwa hai, wanatoa sumu ndani ya utumbo wake, na baada ya saa 6 hadi 24 tumbo linanyonga na kuharisha. CDC, taasisi ya Marekani inayoshughulikia udhibiti wa magonjwa, inakadiria karibu wagonjwa milioni moja wa bakteria huyu kila mwaka nchini humo, na inasema milipuko yake hutokea zaidi Novemba na Desemba. Ndiyo miezi ya mapande makubwa ya nyama yanayopikwa kulisha watu wengi kwa pamoja.

Kuchemsha vizuri kunawaua wale walio hai, na ndiyo maana kiporo hupashwa hadi katikati yake kufikia nyuzi 74. Lakini moto huo hauondoi mambo mawili. Kwanza ni spora zenyewe, ambazo zinasubiri supu ipoe polepole kwa mara ya pili. Pili ni sumu ya Staphylococcus aureus, bakteria anayeishi kwenye ngozi na puani mwetu na kuhamia kwenye nyama kwa vidole vya kila aliyepita akanyofoa kidogo. Sumu hiyo inavumilia kuchemshwa. Unamuua aliyeitengeneza, yenyewe inabaki kwenye supu.

Kwa hiyo ubora wa supu ya Ijumaa unaamuliwa Alhamisi, katika saa mbili za kwanza tangu chakula kitoke motoni. Huo ndio muda unaotolewa na Wizara ya Kilimo ya Marekani, na unapungua kuwa saa moja pale joto la mahali linapozidi nyuzi 32. Wageni wakimaliza kula, mtu mmoja anawe mikono, avute sinia jikoni na kuinyofoa nyama yote. Amgeuze ndege kifudifudi pia. Mgongoni, kila upande wa uti karibu na mapaja yanapoanzia, kuna kipande kidogo cha nyama laini kuliko zote, na wengi huitupa pamoja na mifupa bila kujua ipo. Nyama iende kwenye vyombo vifupi na mifupa kwenye mfuko, vyote vikae kwenye friji. Mazungumzo ya sebuleni yanaweza kuendelea bila nyama kuwa shahidi.

Mkate uliojazwa tumboni mwa ndege utolewe wote. Ukibaki humo unapoa polepole kuliko kila kitu, na kesho utaifanya supu iwe uji.

"Chakula cha moto kinaharibu friji"

Hapa ndipo watu waangalifu wanapojikwaa. Wamepika supu vizuri, kisha wanaiacha sufuria kubwa juu ya jiko hadi asubuhi kwa kuihurumia friji. Friji ya siku hizi inamudu chakula chenye joto. Isichomudu ni lita nane za supu ndani ya sufuria moja yenye kina kirefu: pembeni patakuwa baridi, katikati pakiwa na joto lilelile la bakteria kwa saa nyingi. Dawa yake ni kuigawa. Mimina kwenye vyombo ambavyo supu haizidi kina cha sentimita 5, na vipange kwa nafasi ili hewa baridi ipite kati yake. Ukiwa na haraka, ziba sinki, jaza maji baridi na barafu, tumbukiza sufuria humo na ukoroge kwa mwiko. Kipimo cha usalama ni kushuka kutoka nyuzi 60 hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha kufika 5 ndani ya saa nne nyingine.

Wanaoishi kaskazini, Minnesota na kwingineko, wana toleo lao: nje kuna baridi, sufuria ikae barazani. Baridi ya nje haina kidhibiti. Jua la saa nne asubuhi likipiga kwenye mfuniko, supu inapata joto hata kama theluji iko chini, na usiku kuna rakuni, wanyama wadogo wa porini wanaojua kufunua mifuniko. Friji inakaa kwenye nyuzi 4 au chini yake bila kujali kumekucha vipi.

"Haijanuka, ni nzima"

Pua inatambua chakula kilichochacha. Haitambui Clostridium perfringens wala sumu ya Staphylococcus, kwa sababu hivi havibadilishi harufu, rangi wala ladha. Hesabu siku badala ya kunusa: kiporo cha nyama kinakaa kwenye friji siku tatu hadi nne, kwa hiyo cha Alhamisi mwisho wake ni Jumatatu. Kuipika nyama hiyo kuwa supu siku ya Jumapili hakuirudishi kwenye siku ya kwanza. Kama unaona wazi kwamba hutapata nafasi, tia mifupa kwenye friza usiku uleule, na supu yake utaipika Desemba ukiwa na utulivu.

Sasa tuje kwenye utamu.

"Mifupa iliyookwa imeshatoa ladha yake yote"

Ni kinyume kabisa. Oveni imekwisha kukufanyia kazi ambayo wapishi wa hotelini huifanya kwa makusudi, ya kuoka mifupa mpaka iwe kahawia kabla ya kuitia majini. Rangi ile ndiyo ladha. Na kitu kinachoipa supu uzito hakijaguswa bado: kolajeni iliyo kwenye gegedu, kano na ngozi, ambayo kwa maji ya moto na muda inageuka kuwa jelatini. Mabawa, shingo na vifundo vya miguu ndivyo vyenye nyingi. Firigisi na shingo, zile zinazokuja kwenye mfuko mdogo ndani ya ndege, ziende sufuriani pia. Ini liweke kando, linaleta uchungu.

Ivunje mifupa ilale vizuri, itie maji ya baridi yapite juu yake kwa vidole viwili, na upandishe moto taratibu. Povu la kijivu litapanda, litoe kwa kijiko. Kisha weka kitunguu maji kilichokatwa nusu na ganda lake, maana ganda linatoa rangi ya dhahabu, karoti, kipande cha tangawizi kilichopondwa na punje za pilipili manga. Kitunguu saumu mimi nakiweka mwishoni, kikikaa saa tatu motoni kinapoteza ukali wake.

Hapo wengi wanaongeza moto wakiamini kwamba supu inayochemka kwa nguvu ndiyo inayoiva. Maji yanayoruka yanayapiga mafuta na kuyachanganya na mchuzi, na supu inakuwa nyeupe, nzito mdomoni, yenye mafuta yasiyotoka tena. Haidhuru mtu, ila umepoteza ule ung'avu wa kioo na ladha safi. Unachotaka ni viputo vichache vinavyopanda kwa kuchelewa, kwa saa tatu hivi. Mwenye sufuria ya presha atamaliza kwa saa moja, na ajabu ni kwamba supu yake hutoka safi, kwa sababu ndani ya presha maji hayaruki.

Chumvi isubiri. Ndege wengi wanaouzwa madukani wakiwa wamegandishwa wamedungwa maji ya chumvi kiwandani, na mfuko wao unasema hivyo kwa maandishi madogo. Mifupa yao inaingia sufuriani ikiwa na chumvi tayari, na maji yanapopungua chumvi inakolea. Onja baada ya kuchuja.

Nyama uliyoinyofoa nayo isubiri. Watu huimwaga tangu mwanzo wakitegemea italainika, lakini kidari kilichokwisha kuiva kikichemshwa tena saa tatu kinakuwa nyuzi kavu zisizo na ladha. Kichane, kitie dakika tano za mwisho, kipate moto tu. Wali au tambi upike kwenye chombo kingine na utie bakulini wakati wa kula, vinginevyo asubuhi utakuta vimekunywa supu yote. Ndimu kamua mezani, pamoja na kotmiri na pilipili mbuzi. Madukani huku pilipili mbuzi hupatikana kwa jina la habanero, harufu yake haitofautiani sana na ile tuliyoizoea.

Supu ikikaa usiku kwenye friji ikaganda na kutikisika kama jeli, usiimwage. Nimesikia ikiitwa supu iliyoharibika, na pia ikiitwa mafuta matupu. Siyo hili wala lile. Ile ni jelatini, dalili kwamba mifupa imetoa ilichokuwa nacho, na ikipashwa moto inarudi kuwa maji. Mafuta ni lile tabaka jeupe gumu la juu, ambalo sasa linanyanyuka kwa kijiko kwa urahisi.

"Supu ya mifupa inajenga mifupa"

Sehemu kubwa ya kalsiamu inabaki kwenye mifupa. Kikombe cha maziwa ya ng'ombe kina takriban miligramu 300, na supu ya mifupa kwa kawaida haifikii hata sehemu ya kumi ya hiyo, hata ukitia siki. Jelatini ni protini, lakini ni protini yenye pengo: haina kabisa triptofani, mojawapo ya amino asidi, yaani vijenzi vya protini, ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Ndiyo maana supu yenye nyama ndani yake ni chakula, na mchuzi mtupu ni kinywaji kizuri.

Je, mafua? Mwaka 2000 Stephen Rennard na wenzake wa Nebraska walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba supu ya kuku ilipunguza mwendo wa aina fulani ya chembe nyeupe za damu, zinazohusika na uvimbe. Ilikuwa ni maabara, nje ya mwili wa mgonjwa. Kwamba kitu cha moto chenye mvuke kinazibua pua na kutuliza koo, hilo halihitaji maabara. Mpe mgonjwa supu, na dawa alizoandikiwa aendelee nazo.

Triptofani hiyohiyo ndiyo inayosingiziwa usingizi wa Siku ya Shukrani. Nyama ya bata mzinga inayo, ila kuku naye ana kiasi kinachokaribiana sana, na hatujasikia mtu akilala kwa sababu ya kuku. Kinacholaza watu ni wingi wa chakula, viazi, mikate na keki za maboga. Bakuli la supu mchana halitamzuia mtu kwenda kazini.

Friza nayo ina imani yake, kwamba kugandisha kunaua vijidudu. Kunavisimamisha tu. Supu iliyoingia ikiwa salama inatoka salama, na iliyoingia ikiwa mbovu inatoka mbovu. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri itabaki na utamu wake kwa miezi miwili hadi mitatu. Usijaze chombo hadi juu, maana maji yakiganda yanapanuka kwa karibu asilimia 9, na chupa ya kioo iliyojaa itapasuka. Acha vidole viwili, andika tarehe kwenye mfuniko, na siku ya kuitumia iyeyushie ndani ya friji au moja kwa moja kwenye sufuria juu ya moto.