Ukinzani ukiongezeka, joto hupanda au hushuka?

Kuna kauli ninayoisikia mno, madukani, kwenye karakana na hata kwa vijana waliofaulu fizikia kidato cha nne: "Koili yenye ukinzani mkubwa ndiyo yenye moto mkali, na ndiyo inayokula uniti." Inasemwa na mafundi hodari, watu ambao ningewakabidhi nyumba yangu waifunge waya bila wasiwasi. Lakini kwa vyombo vya joto tunavyochomeka ukutani, mambo ni kinyume kabisa.

Hesabu yenyewe ni fupi. Volti (msukumo wa umeme) gawanya kwa ampea (kipimo cha mkondo, yaani umeme unaopita) unapata ukinzani, yaani jinsi waya unavyouzuia umeme kupita, unaopimwa kwa omu. Volti mara ampea unapata wati. Birika la umeme linalovuta ampea 8.7 kwenye volti 230 lina ukinzani wa omu 26 na ushei, na linatumia wati 2,000. Uniti ni wati 1,000 zikitumika kwa saa nzima, kwa hiyo birika hilo likiwaka nusu saa limemaliza moja.

Ukiziunganisha kanuni hizo mbili, unazaa nyingine mbili. Wati ni ampea mara ampea mara omu; na vilevile wati ni volti mara volti, gawanya kwa omu. Hapa ndipo watu wanapopotezana. Kanuni ya kwanza inaonekana kusema omu zikipanda na wati zinapanda. Ya pili inasema omu zikipanda wati zinashuka. Zote mbili ni sahihi, kwa chombo kilekile na dakika ileile. Tofauti ni kwamba ya kwanza inapandisha wati pale tu ampea zinapobaki vilevile, na kwenye soketi ya nyumbani hazibaki. Shirika la umeme linakuletea volti; ampea ngapi zipite, hilo linaamuliwa na chombo ulichochomeka.

Tazama jiko la koili. Koili ikikatika, watu wengi huondoa kipande kilichoungua, huivuta kidogo iliyobaki, kisha huirudisha kwenye mifereji ya sahani yake. Tuseme lilikuwa jiko la wati 1,000, yaani omu 53 hivi. Ukikata sehemu moja ya kumi ya waya, zinabaki omu 47.6, na wati zinafika 1,111. Jiko linawaka kuliko mwanzo, mpishi anafurahi, na koili inakatika tena mapema kwa sababu kila sentimita ya waya sasa inabeba joto zaidi ya ililotengenezewa. Ukinzani umepungua, joto limeongezeka, na uniti zinakwenda kasi zaidi.

Kwa nini basi ile kauli haifi? Kwa sababu kuna mahali ina ukweli wake, na fundi ameuona kwa macho: plagi iliyolegea. Chukua birika letu, na mguu mmoja wa plagi uwe haushiki vizuri kwenye soketi, uongeze nusu omu tu. Ampea zinashuka kidogo sana, kutoka 8.7 hadi 8.5, maana zinaamuliwa na zile omu 26 za birika. Sasa piga hesabu: 8.5 mara 8.5 mara nusu ni wati 36, zote zimekusanyika mahali padogo kama punje ya mahindi. Ndiyo maana plastiki inageuka kahawia na kuanza kunuka. Hapo kweli, omu za kiungo zikipanda, kiungo kinachemka zaidi. Lakini jumla ya wati za mzunguko mzima imeshuka, kutoka 2,000 hadi 1,960 hivi, na maji yanachelewa kuchemka.

Waliotuachia kanuni hizi walijua umuhimu wa kushikilia kitu kimoja. Georg Simon Ohm, mwalimu wa sekondari mjini Köln, alisumbuliwa na betri za wakati wake zilizoishiwa nguvu katikati ya kipimo. Akaziacha, akaunganisha metali mbili, bismuthi na shaba, kiungo kimoja kwenye maji yanayochemka na kingine kwenye barafu, akapata volti ndogo lakini tulivu. Matokeo aliyachapisha katika miaka ya 1826 na 1827. Mwanzoni mwa miaka ya 1840 huko Uingereza, James Prescott Joule alipitisha mkondo mmoja katika nyaya mbili zilizofuatana, kila mmoja ndani ya maji yake, akaona wenye ukinzani zaidi unapasha maji zaidi. Ohm alishikilia volti, Joule alishikilia mkondo.

Tahadhari moja kwa wanaopima omu kwa multimita, kile kifaa cha mkononi cha kupimia umeme: balbu ya kizamani ya wati 60 ikiwa baridi husoma chini ya omu 100, ilhali ikiwaka ni 880 hivi. Waya wake huongeza ukinzani ukipata moto. Na friji au feni usizipigie hesabu hii kabisa. Mota ina mambo yake.

Kwa hiyo ndugu yangu fundi, kauli yako sikuombi uitupe. Ongeza maneno matatu tu: ukinzani mkubwa unatoa joto jingi *kwa mkondo uleule*. Na mteja akikuuliza koili ipi ina moto mkali kwenye soketi yake, mpe yenye omu chache.