Je, wajua kwa nini springi ya mbele ya pikapu hubanwa kabla ya kufungua nati ya katikati ya shokapu?

Chungulia sehemu ya juu ya shokapu ya mbele ya Hilux Vigo, au ya pikapu nyingi za siku hizi, utaona nati nne. Tatu zimezunguka pembeni na moja imekaa katikati. Zile tatu zinaishika shokapu kwenye chesisi. Ya katikati ina kazi nyingine kabisa: inaishika rodi ya shokapu (chuma chake kinachoingia na kutoka) kwenye kikombe cha juu, yaani kifuniko kinachokalia springi, na kwa hiyo ndiyo inayoizuia springi isifumuke. Asiyejua tofauti hiyo huanza na ya katikati, na hapo ndipo vidole na nyuso huumia.

Wengi hudhani gari likishapandishwa jeki springi inakuwa imelala. Hailali. Kwenye pikapu za aina hii springi imevalishwa juu ya shokapu, na hata ukiitoa yote na kuiweka mezani bado inasukuma kikombe juu huku rodi ikikivuta chini. Chukua springi yenye ugumu wa niutoni 100 kwa milimita, kiwango cha kawaida kwa pikapu. Kila milimita iliyobanwa ni msukumo wa kilo 10 hivi. Ikiwa imebaki imebanwa sentimita 5, hizo ni kilo 500, yaani mifuko kumi ya saruji, zote zinangoja uzi wa nati moja. Nati ikitoka, kikombe kinaruka.

Kabla ya kuazima kibanio cha springi, angalia gari lako lina nini mbele, maana si kila pikapu inakihitaji. Hilux 4WD za zamani, zile zilizokuja kabla ya Vigo, baadhi zina vyuma vya kujisokota vilivyolala sambamba na chesisi, hazina springi ya kuzunguka mbele. Land Cruiser pikapu ya 79 ina springi ya kuzunguka, lakini shokapu yake imesimama peke yake kando, kwa hiyo inabadilishwa bila kubana chochote. Hapo tahadhari ni nyingine: weka jeki chini ya ekseli kabla ya kufungua shokapu, la sivyo ekseli itashuka, springi itachomoka kwenye kiti chake na paipu ya breki itavutwa mpaka ipasuke.

Shokapu zenyewe hufa haraka kwenye barabara za vumbi za Kaliua, Urambo na Uvinza, na sababu yake inaeleweka. Shokapu haibebi gari, springi ndiyo inayobeba. Kazi ya shokapu ni kutuliza mtikisiko: pistoni husukuma oili kupita kwenye vitundu vidogo, na nguvu ya mtikisiko hugeuka joto. Kiangazi, barabara ikishafanya vituta vidogo vilivyofuatana, pistoni haipumziki. Oili inapata joto kali, inachanganyika na hewa na kutoa povu, na povu halina ukinzani wa kutosha. Wakati huohuo vumbi linashikamana na rodi na kuikwangua sili (raba inayozuia oili isivuje). Ongeza marobota ya tumbaku au madumu ya mawese yaliyozidi uzito, na shokapu haimalizi muda wake. Dalili ni mwili wa shokapu kulowa oili, pua ya gari kuzama sana ukikanyaga breki, na tairi kulika kwa mabonde mabonde badala ya kulika sawasawa.

Kazi ya kutoa inaanza kwa kulegeza nati za tairi gari likiwa chini. Pandisha, weka stendi chini ya chesisi (usitegemee jeki peke yake), toa tairi. Fungua linki za stabilaiza (chuma kinachozuia gari kulalia upande) pande zote mbili, kwa kuwa ukifungua upande mmoja ule mwingine utaendelea kuvuta mkono wa chini, yaani chuma kinachopanda na kushuka pamoja na tairi. Fungua vishikizo vya paipu ya breki na waya wa ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisigande ukikanyaga breki), kisha legeza nati ya boljointi ya juu, kiungo kinachoshika habu kwenye mkono wa juu, bila kuitoa yote. Igonge habu (kipande kinachobeba tairi) kwa nyundo pembeni, pale pini inapoingia, mpaka iachie, ndipo utoe nati yote. Ifunge habu kwa waya isining'inie kwenye paipu ya breki. Sasa toa bolti ya chini ya shokapu, halafu zile nati tatu za juu. Ya katikati iache.

Ukishaitoa, chora alama za rangi kuonyesha kikombe cha juu kimeelekea wapi ukilinganisha na tundu la bolti ya chini. Ukikirudisha kimegeuka, bolti haitaingia na utalazimika kubana springi upya. Andika pia kulia na kushoto, kwa sababu kwenye baadhi ya magari springi za pande mbili hazilingani.

Vibanio vya kulabu huwekwa viwili, vikitazamana, na vishike koili nyingi kadiri inavyowezekana. Paka grisi kwenye uzi. Kaza kimoja mizunguko miwili au mitatu, hamia kingine, rudi. Ukikaza upande mmoja sana springi inapinda, na kulabu inaanza kuteleza kwenye koili. Tumia spana ya mkono. Mashine ya upepo hupasha uzi joto na kuukwarua. Mnyororo, waya wa chuma na bolti ndefu zilizochomelewa havifai hata kidogo, hata kama umeona mtu akivitumia mwaka mzima. Acha kukaza pale springi inapozungushika kwa mkono kwenye kiti chake, na usifike hatua ya koili kugusana. Ndipo uishike rodi isizunguke na kufungua nati ya katikati, ukiwa umesimama kando ya springi. Ncha zake zisielekee kwako wala kwa msaidizi.

Shokapu mpya ya oili isimamishe wima, ibonyeze na kuivuta mara nne au tano ili hewa itoke upande wa oili. Rodi isiguswe na koleo: mkwaruzo mmoja unatosha kuikata sili. Hamishia raba ya kuzuia kugonga na kifuniko cha vumbi, au weka vipya kama vimechanika. Ncha ya springi lazima ikae kwenye kile kijingazi cha kiti cha chini. Nati ya katikati iwe mpya na ikazwe kikamilifu kabla ya kulegeza vibanio, navyo vilegezwe kwa zamu kama vilivyokazwa.

Kosa linaloua bushi mpya (raba ya kwenye tundu la chini la shokapu) mapema hufanyika mwisho kabisa. Bolti ya chini ya shokapu isikazwe kwa nguvu yote gari likiwa bado kwenye stendi. Raba ya bushi imegandishwa kwenye bomba lake la ndani. Ukiikaza bolti wakati mkono wa chini ukiwa umening'inia, gari likishushwa raba inajisokota na kubaki hivyo muda wote, mpaka ichanike. Bolti ipachike tu, rudisha vingine vyote ulivyofungua pamoja na tairi, shusha gari, litikise mara kadhaa, kisha kaza.

Badilisha shokapu za pande zote mbili kwa pamoja. Peleka gari kwenye alaimenti, hasa kama springi pia ni mpya na pua imepanda, kwa sababu pembe za tairi zitakuwa zimebadilika. Nati za tairi zikaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100.