"Prodyuza ni mshkaji"

Haipiti wiki kijana hajanitumia wimbo WhatsApp na ujumbe chini yake: "Kaka, hii ni hiti, nitafutie kolabo." Mara nyingi wimbo si mbaya. Mimi humuuliza jambo ambalo hakulitegemea: biti ni ya nani, na mmeandikiana nini? Jibu silisubiri tena, nalijua. "Prodyuza ni mshkaji."

Nasimamia wasanii hapa Dar es Salaam, na ninayemfikiria sana kazini ni marehemu Maalim Muhidin Gurumo. Mzee yule aliimba tangu miaka ya 1960: bendi ya NUTA Jazz, ambayo leo ndiyo Msondo Ngoma, kisha bendi za Mlimani Park na Safari Sound, na Msondo tena. Alistaafu 2013, akafariki mwaka uliofuata. Alipostaafu, Diamond Platnumz alimzawadia gari. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Mimi nilibaki nahesabu miaka. Nyimbo zake zimechezwa redioni, baa na harusini kwa karibu nusu karne, halafu gari linatoka mfukoni mwa kijana aliyezaliwa yeye akiwa tayari mkongwe!

Kizazi cha Gurumo kilikuwa na shule. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walikuwa waajiriwa. Kijana akiingia bendini alianza kwa kuitikia, huku wakubwa wakimsikiliza na kumkosoa. Ndiyo maana sauti zile zilidumu. Kilichokosekana ni mirabaha ya kueleweka, yaani malipo ya mwenye wimbo kila unapotumika.

Kijana wa leo mambo yake yamegeuka. Sheria ya hakimiliki ya 1999 ipo, COSOTA, taasisi ya hakimiliki, ipo, nyimbo zinauzwa mtandaoni. Ila hajawahi kusimama mbele ya bendi, na kazi yake haijasajiliwa popote.

Kwa hiyo naanza na karatasi, na hapa huwa mkali. Wimbo mmoja una mali mbili. Kuna utunzi, yaani maneno na melodi, na kuna rekodi yenyewe, ile masta. Aliyetunga anaweza asimiliki rekodi, na aliyelipia studio anaweza asiwe na haki hata ya mstari mmoja wa maneno. Usiku ule ule wa kurekodi, kabla mtu hajaondoka, yaandikwe majina halisi ya wote, asilimia ya kila mmoja na sahihi zao, pamoja na kutaja masta ni ya nani. Ukurasa mmoja unatosha. Usiku ule wimbo hauna thamani, kwa hiyo hakuna anayegombana. Subiri ufike chati uone undugu unavyoisha. Niliwahi kuchelewa siku tatu tu kwa msanii wangu mmoja. Wimbo ulishaanza kupigwa, na mazungumzo ya dakika kumi yakachukua miezi minane.

Lebo ikikupa fedha za kuanzia, jua ni mkopo. Video, mavazi, nauli ya promosheni, vyote hukatwa kwenye mapato yako kabla hujaona shilingi. Uliza miaka mingapi, nyimbo ngapi, na ukiondoka masta zinabaki kwa nani.

Kiki, yaani vituko vya kutafuta kuzungumzwa, sizungumzii sana. Inaleta watazamaji wa wiki moja, na wiki ya pili wanataka kiki nyingine.

Jukwaa ndilo linalolipa bili wimbo ukishapoa. Sauti za Busara, tamasha linalofanyika Zanzibar tangu 2004, linataka muziki wa laivu mtupu, na matamasha mengi ya nje yanataka hivyo hivyo. Ukiimba juu ya CD milango hiyo imefungwa. Ndiyo maana dogo wangu wa sasa, mwenye hiti moja na wafuasi kibao, nimemzuia kuachia wimbo wa pili kwa miezi mitatu. Anafanya mazoezi na bendi mara tatu kwa wiki. Amenuna, simlaumu.

Siku ya kwanza alikwama kwenye kiitikio. Studio aliimba juu mno, mstari kwa mstari, akipumzika katikati. Sasa pumzi ikamwishia. Akalaumu spika. Mpiga besi, mzee wa dansi, alizima ampu na kumwambia taratibu, "Mwanangu, tushushe. Ukiwa na miaka hamsini utaifikia wapi hiyo?"