Eti kusaidia kitivo cha udaktari ni kazi ya wenye pesa? Sikubali

Niko hospitali moja huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na kila nikikutana na wale tuliosoma nao udaktari Makerere maneno ni yaleyale, nikiwa tajiri ndo nitakumbuka kitivo. Jamani.

Wanachosema: msaada ni hela.

Ukweli: hela inasaidia, siwezi kukataa, darasa moja likichanga kidogokidogo kwa mobail mani wanaweza kumlipia mwanafunzi aliyekwama ada. Lakini kitu kitivo kinachokosa sana ni mtu wa kusimama na mwanafunzi kitandani pa mgonjwa. Tangu 2003 wanafunzi wa Makerere wanapelekwa wilayani kwa mpango wa COBES, yaani kujifunza kazi katikati ya jamii, wanakaa vituo vya afya, na huko lekchara wa Mulago, ile hospitali ya Kampala ya kufundishia, hayupo, uko wewe. Ukimwambia kijana "kaa pale usubiri" halafu ukaondoka na boda kwenda kliniki yako, basi ile wiki yake imekufa. Ukimshika mkono ukamwonyesha tumbo la mtoto mwenye malaria, wengu umefika wapi, akapapasa mwenyewe, hapo umeshafundisha kitivo chako na hujatoa hata shilingi.

Wengine husema: nilijilipia, sina deni na mtu.

Nilikuwa nafikiri hivyohivyo. Ila ada ililipia darasa na mtihani, yule mama wa Mulago aliyekubali wanafunzi sita tumsikilize moyo mmoja baada ya mwingine na amechoka vile, nani alimlipa?

Halafu kuna hii inayoniuma zaidi: ukienda kijijini umejitoa, kitivo kiko Kampala. Daktari Matthew Lukwiya alisoma Makerere, akaenda hospitali ya Lacor kule Gulu, kaskazini mwa nchi, akakaa huko hata vita ilipokuwa kali, mpaka Ebola ikamuua Desemba 2000 akiwa anahudumia wagonjwa. Chuo Kikuu cha Gulu kilipoanzisha kitivo cha udaktari 2004, Lacor ikawa hospitali ya kufundishia. Sasa niambie, nani alikuwa mbali na kitivo hapo?

Na wale walioko nje, Uingereza au Marekani, tunawaambia wametukimbia. Wengine kweli wamenyamaza. Lakini mtu anaweza kufundisha kwa Zoom saa moja jioni, au akasoma tasnifu ya mwanafunzi wa masters akaisahihisha, hiyo haihitaji tiketi ya ndege. Aulize kwanza idara inataka nini maana mashine iliyotumwa bila spea wala fundi inakaa stoo tu.

Eti pia mtu mmoja aliyesoma pale hawezi kubeba shule. Mmoja hapana, wengi ndiyo: shule yetu ya udaktari Makerere ilianza 1924, miaka ya Amin walimu wengi wakakimbia nchi, lakini haikufungwa, ikabebwa na Wauganda, wengi wao walisomea hapohapo.

Mwezi huu nina wanafunzi wanne wodini. Nimewaingiza kwenye grupu letu la WhatsApp la darasa, na jana mmoja akauliza swali la kifafa cha mimba saa nne usiku, ndani ya dakika kumi madaktari watatu wameshamjibu, mmoja yuko Mbarara, mwingine Soroti, wa tatu alikuwa zamu.